Bwanga halijarudi, limeletwa

Siku hizi ukikatiza Kariakoo, mtaa wa Kongo au Aggrey pale, suruali zilizotundikwa nje ya maduka ni pana mpaka unajiuliza hii ni suruali au sketi iliyochanwa katikati. Jinzi bwanga, shati linaloangukia mabegani, kijana akivaa anaonekana kama kaazima nguo za mjomba wake. Na kila mtu mzima anayepita hapo ana neno lake. Wapo wanaocheka, wanasema si ndo haya haya tulivaa sisi, fasheni ni gurudumu, we tunza nguo zako kabatini zamu yake itafika. Na wapo wanaosikitika, vijana wameharibika, wanaiga kila upuuzi wa TikTok, enzi zetu watu walivaa kwa heshima. Mi naona wote wamekosea, tena wamekosea sehemu moja: wanadhani mavazi ya mtaani yanaanzia kichwani mwa anayevaa, kwamba kijana kaamka asubuhi kaamua kuvaa pana na angeweza kabisa kuamua vingine. Nenda Kariakoo leo na hela yako mkononi utafute suruali mpya ya dukani yenye mguu wa kawaida, si pana si ya kubana, kitambaa cha pamba tupu kisichovutika, alafu urudi uniambie umezunguka maduka mangapi. Hoja yangu ni kwamba ukitaka kuelewa kwanini mavazi yetu yamebadilika hivi miaka nenda rudi, swali la kuuliza sio watu wanapenda nini wala maadili yamefika wapi. Uliza hii nguo ilitengenezwa kwa ajili ya nani. Swali hilo limepata majibu manne kwa hesabu yangu, na kila jibu lilipobadilika mtaa mzima ulibadilika nalo.

Nianze mbali kidogo, mnivumilie. Miaka ya 1830 biashara kubwa ya Zanzibar na Wamarekani ilikuwa pembe za ndovu na gundi ya sandarusi kwa kitambaa, na Marekani wakaweka konseli wao pale mwaka 1837. Kitambaa chenyewe ni ile pamba nzito isiyopaushwa iliyotoka mji wa Salem na jirani zake, ndo maana mpaka leo bibi zetu wanaita merikani. Ilikuwa nguo, ilikuwa pesa, ilikuwa sanda. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 mpaka 1865 vikakata mzigo, Waingereza na baadaye viwanda vya Bombay wakaingia, jina likabaki merikani hata pale kitambaa kilipokuwa kimefumwa India. Lakini kitu ambacho watu hawakisemi ni kwamba mfanyabiashara wa wakati ule alikuwa anamwogopa mteja wa huku. Stanley alipofika Zanzibar mwaka 1871 kujiandaa kwenda bara kumtafuta Livingstone ilibidi kwanza akae aulizie rangi gani ya shanga na aina gani ya kitambaa inapendwa sehemu gani, maana ukifika kwa watu na shanga ambazo hawazitaki unakaa na mzigo wako na njaa yako. Mtu wa bara ambaye vitabu vinamchora kama anapokea chochote anachopewa, kumbe alikuwa anachagua kama mwanamke wa Kariakoo anavyochagua kitenge.

Kanga ndo ushahidi mkubwa zaidi. Inasimuliwa kwamba wanawake wa pwani walikuwa wananunua leso za Kireno, wanachukua sita bila kuzikata moja moja, wanaunga tatu kwa tatu wanapata nguo moja, na wafanyabiashara walipoona wakaagiza kitu kinachofanana na hicho kikiwa kimeshachapwa. Kuanzia mwisho wa karne ya 19 kanga zikachapwa Uholanzi na Uingereza, baadaye Japan na India, na kule Mombasa duka la Mali ya Abdulla liko kwenye hiyo kazi tangu 1887. Maandishi yalikuja mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa hati ya Kiarabu alafu kwa hati ya Kirumi. Sasa fikiria vizuri: nguo inachapwa Ulaya, na hakuna mwanamke hata mmoja wa Manchester anayeivaa! Pindo, mji, na jina lake, vyote vimepangwa kwa ajili ya mwanamke wa Ng'ambo, wa Lamu, wa Tanga. Na baada ya utumwa kufutwa Zanzibar mwaka 1897 wanawake waliokuwa wamezoeshwa kaniki, kile kitambaa cheusi cha bei rahisi, na merikani wakakimbilia kanga kwa kasi, maana ile ilikuwa inasema huyu sasa ni mtu na ana hela yake. Kiwanda ni cha mgeni lakini amri ni ya mteja. Hilo ni jibu la kwanza la swali langu na ndo maana kanga haijawahi kupitwa na wakati, miaka zaidi ya 100 bado doti ni doti, kinachobadilika ni rangi na maneno.

Jibu la pili lilikuja na uhuru. Serikali ikasema nguo tutatengeneza wenyewe kwa pamba yetu, kiwanda cha Urafiki kikafunguliwa Ubungo mwaka 1968 kwa msaada wa China, Mwanza kukawa na Mwatex, wenzetu Kenya wakawa na Kicomi Kisumu na Rivatex Eldoret. Kwa hiyo nguo ilitengenezwa kwa ajili ya mwananchi, lakini mwananchi kama alivyofikiriwa na ofisi ya mipango, sio kama alivyojiona yeye kwenye kioo. Vitambaa vilikuwepo, aina ndo zilikuwa za kuhesabu. Na katikati ya kiwanda na mtaa alisimama mtu ambaye historia yetu ya mavazi inamsahau kila siku, fundi cherehani. Fundi wa miaka ya 70 alikuwa anaona picha ya mwanamuziki kwenye gazeti au kwenye ganda la santuri, anachukua kitambaa kile kile cha kiwandani anakushonea bugaluu, chini inapepea kama bendera, unavaa na raizoni kisigino kirefu unaenda dansini. Aliyekuwa na suruali ya zamani nyembamba alichanua mshono wa nje kuanzia goti, akawekewa kipande cha pembetatu, tayari kapata bugaluu kwa bei ya uzi na jasho la fundi. Kwa hiyo fasheni ya dunia ilifika Dar au Nairobi kwa haraka sana tofauti na tunavyodhani, bila meli yoyote kuleta suruali. Ilihitaji picha moja tu na mtu anayejua kukata.

Alafu ikaja ile hali ya mwanzoni mwa miaka ya 80 ambayo sitaki kuikalia sana maana waliokuwepo wanaijua, vita ya Kagera imepita, pesa za kigeni hakuna, vipuri vya viwandani hakuna, khanga unapanga foleni, na msako wa wahujumu uchumi wa 1983 ukafanya hata kuwa na majora ya kitambaa ndani iwe kesi. Ndo likaja jibu la tatu. Kuanzia 1984 serikali ikaruhusu mwenye pesa yake ya kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa kaitoa wapi, mwaka uliofuata akaingia Mzee Mwinyi, ruksa, na mitumba ikamwagika. Watu wakaipa jina kafa ulaya, wakiamini ni nguo za marehemu. Jina la utani lakini lina ukweli mmoja mkubwa ndani yake: hii nguo haikutengenezwa kwa ajili yako kabisa. Ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine, mwili mwingine, hali ya hewa nyingine, yeye kaichoka, wewe ndo unaanza nayo. Unakuta koti zito la theluji linauzwa Tandika mwezi wa kumi na mbili, jua la utosi, na muuzaji anakwambia hii bosi ni gredi A.

Hapa ndo bwanga la kwanza linapoingia kwenye hesabu. Miaka ya 90 vijana wengi tunakumbuka jinzi pana, tisheti zinazofika magotini, na tunasema ilikuwa hip hop. Ni kweli ilikuwa hip hop, televisheni ya ITV ilianza 1994 na ghafla watu wanaona video za Marekani sebuleni kwa jirani. Lakini jiulize zile nguo zilitoka wapi. Zilitoka kwenye belo. Na kwenye belo la kutoka Marekani kulikuwa na nguo za watu wakubwa, kiuno arobaini, mtoto wa Temeke ana kiuno ishirini na nane, anakaza mkanda mpaka suruali inajikunja kama pazia. Hip hop ilimpa sababu ya kuivaa bila aibu, nguo yenyewe aliikuta imeshafika. Ingekuwa mabelo yamejaa suruali za kubana sijui ile hip hop yetu ingevaliwa na nini.

Na mtumba una tabia moja ambayo nguo za fundi hazikuwa nayo, unachelewa. Lazima mwenzako kule anunue, avae, achoke, atoe kwenye sanduku la msaada, ichambuliwe, ifungwe belo, isafiri, ipite bandarini, ifunguliwe Ilala. Suruali za kubana za kiume zilishika Ulaya miaka ya mwanzo ya 2000, Hedi Slimane wa Dior Homme akiwa mmoja wa waliozisukuma, sisi modo, yaani hizo hizo za kubana, zimekuja kushika kweli kweli mwishoni mwa muongo ule. Na katikati ya hapo nini kilitokea? Mtaani picha ilikuwa imeshafika ila nguo bado, kwa hiyo kila kona unakuta fundi anabana suruali. Mi mwenyewe mwaka 2010 nilipeleka jinzi yangu bora kuliko zote, nzito, ya bwanga, kwa fundi wa mtaani kwetu Mwananyamala, akaipunguza kila upande na kitambaa kilichozidi akakikata kabisa akatupa chini kwenye vipande. Nililipa buku mbili nikaondoka nimefurahi. Mafundi wa Dar miaka ile nadhani walikata kitambaa cha kutosha kuivalisha wilaya nzima, na hakuna aliyewaza kwamba siku moja upana ule utakuwa na bei.

Sasa bwanga la leo, na jibu la nne. Wanaosema limerudi wanaliona ni lile lile. Kwa macho ni lile lile, kwa njia lililopita ni kitu kingine kabisa. Tarehe 1 Januari 2005 ulimalizika ule mfumo wa kimataifa uliokuwa unawawekea viwanda vya nchi maskini mipaka ya kiasi cha nguo wanachoweza kuuza Ulaya na Marekani, China ikafunguka kama bwawa, viwanda vikaongezeka, na bei ya nguo mpya ikashuka mpaka ikaanza kugongana na bei ya mtumba. Wafanyabiashara wa Kariakoo wakaanza kupanda ndege wenyewe kwenda Guangzhou, wengine Uturuki, na leo hata ndege hapandi, anaangalia picha kwenye simu, anaagiza, kontena linakuja. Kwa hiyo wazungu walipoanza kuachana na suruali za kubana kama miaka ya 2021 hivi, sisi hatukusubiri wavae wachoke. Ilikuja karibu wakati ule ule. Ule ucheleweshaji wa mtumba umekufa na hiyo ndo habari yenyewe, sio upana wa mguu. Nguo ya sasa imetengenezwa kwa ajili ya yeyote mwenye simu, popote, Manila, Lagos, Mbagala, wote size zile zile, kitambaa kile kile chenye plastiki ndani, na mashine iliyoshatabiri kwamba wiki hii ukionyeshwa mara thelathini utaitaka.

Watu wa gurudumu wana hoja na siwezi kuidharau. Ni kweli kizazi kinapenda kuvaa kinyume cha kizazi kilichokitangulia, ukiwa na baba anayevaa modo lazima utafute kitu kitakachomkera, na kwa kuwa suruali ina njia mbili tu, kubana au kupwaya, basi ni lazima irudi. Sawa. Ila gurudumu halielezi kwanini bugaluu la 70 lilishonwa na fundi wa Kariakoo, bwanga la 90 likatoka kwenye belo na la leo linatoka kwenye kontena. Na halielezi kwanini vitu vingine havirudi. Kaunda suti imerudi? Marais waliivaa, waalimu waliivaa, mabwana shamba waliivaa. Kule Kenya Rais Ruto ameivaa mpaka ikazungumzwa miezi, na bado dukani kwa kijana haipo, kwasababu hakuna kiwanda Guangzhou kinachoitengeneza kwa dunia nzima, ukitaka lazima umtafute fundi. Nguo inayorudi ni ile ambayo kuna mtu mahali fulani ana faida ya kuirudisha.

Hoja ya kuiga ina nguvu zaidi, na kusema kweli imenisumbua wakati naandika. Mtu atasema we unazungumzia meli na kontena lakini mbona kanga, kitenge na suruali vyote vipo sokoni na kijana anachagua suruali? Nakubali anachagua. Hata kwenye mtumba kulikuwa na uchaguzi, waagizaji wanaagiza belo kwa aina, jinzi za kike peke yake, mashuka peke yake, na wachuuzi wa asubuhi wanaokuja belo likifunguliwa wanajua wateja wao watataka nini. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kuchagua ndani ya kile kilicholetwa na kuamua kiletwe nini. Mwanamke wa Zanzibar wa mwaka 1900 aliyekataa kanga ya mchoro mbaya alikuwa anamtia hasara mtu wa Ulaya. Kijana wa leo akikataa bwanga, kule kilikoshonwa hakuna atakayejua.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndo inayopigiwa kelele kuliko zote, ni ya maadili. Kwamba zamani watu walijiheshimu, sasa wameoza. Zamani ipi? Mwaka 1968 mwezi wa kumi Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha Operesheni Vijana, kuanzia tarehe 1 Januari 1969 vimini, wigi, mikorogo na suruali za kubana marufuku. Huwezi kupiga marufuku kitu ambacho hakivaliwi, maana yake vimini vilikuwa vimejaa Dar es Salaam, na waliovivaa ndo hao bibi zetu tunaowapigia mfano wa heshima, waombeni albamu zao mtaona magoti. Hata kabla ya tarehe kufika makundi ya vijana wa kiume walishaanza kuvamia wanawake Kariakoo na kwenye vituo vya basi, kuwapiga na kuwachania nguo. Kuchana nguo ya mtu ili avae kwa heshima, we hebu ifikirie hiyo. Na wakati huo huo serikali ile ile, kwenye mkoa wa Arusha, ilikuwa inawalazimisha Wamasai waache lubega wavae suruali. Yaani mjini umevaa kizungu sana, kijijini hujavaa kizungu vya kutosha.

Na majirani hawakuwa tofauti. Amin alipiga marufuku vimini 1972, Banda wa Malawi alikataza wanawake kuvaa suruali na sketi fupi mpaka mfumo wake ukaanguka miaka ya 90 mwanzoni, Mobutu wa Zaire akafuta suti na tai akaleta abakosti, koti la kuvaa bila tai, naye 1990 akaachia watu wakafunga tai zao. Sijawahi kuona hata sheria moja katika hizo iliyoacha watu wanavaa vile ilivyotaka baada ya aliyeitunga kuondoka. Zinachoacha ni tabia ya wanaume kujiona mapolisi wa mwili wa mwanamke, rais wa Uganda aliposaini sheria dhidi ya ponografia Februari 2014 kuna wanawake walivuliwa nguo barabarani na watu waliosema wanatekeleza sheria, na vifungu vyake vikuu mahakama ya katiba imekuja kuvifuta 2021. Novemba 2014 hiyo hiyo Nairobi wanawake waliandamana na kusema nguo yangu uamuzi wangu baada ya mwenzao kuvuliwa kituoni. Na hapa kwetu Juni 2021 mbunge mwanamke alitolewa bungeni Dodoma kwasababu suruali yake ilionekana inabana. Mi nilijiuliza swali la kipuuzi tu, hivi mwaka ule ukiingia duka la nguo za kike ungeipata wapi suruali isiyobana? Vitambaa vyote vilikuwa na ule mpira wa spandeksi. Alivaa kilichokuwa kinauzwa.

Kitu kingine kinachowaumbua watu wa maadili ni dera. Wakati vijana wa kiume wanabanwa na modo mpaka wanashindwa kuchutama, wanawake wa mji huo huo, miaka hiyo hiyo, walikuwa wanahamia kwenye dera, kijora, abaya, nguo pana kuliko zote walizowahi kuvaa mama zao. Dera lenyewe limetoka kwa Wasomali, wao wanaita dirac, likashuka kwa njia ya biashara ya Nairobi na Mombasa mpaka likawa vazi la kila nyumba, Muislamu na Mkristo, la kwendea msibani na la kuoshea vyombo. Abaya ya Dubai nayo imelisukuma pembeni buibui la zamani la pwani, lile ambalo mabibi wa Zanzibar walilishika miaka ya 1920 na 1930, na imeweza kwasababu Dubai imekuwa gulio letu tangu milango ilipofunguliwa. Kwa hiyo katika muongo mmoja nguo zimebana na zimepwaya, zimefunua na zimefunika. Kama mavazi ni kipimajoto cha maadili basi hicho kipimajoto kibovu, kinasoma homa na baridi kwa wakati mmoja. Kama mavazi ni biashara, hakuna cha kushangaza, meli tofauti zimeleta mizigo tofauti.

Sasa ukikubaliana na mimi hata nusu, kuna mambo kadhaa inabidi tuyaangalie upya. La kwanza ni hili la kupiga marufuku mitumba. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondolewe hatua kwa hatua ifikapo 2019, wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, Kenya ikajitoa mapema, Tanzania na Uganda wakalegeza, Rwanda peke yake ikang'ang'ana. Walipandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo mpaka dola 2.50, na Julai 2018 Marekani ikawasimamishia msamaha wa ushuru wa AGOA, ule mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, kwenye nguo. Niliwaheshimu Rwanda kwa msimamo. Lakini pengo la chagua, kama wanavyoita mitumba wao, kwa sehemu kubwa likazibwa na nguo mpya rahisi za China. Yaani wametoka kwenye nguo ya mtu mwingine wamehamia kwenye nguo ya mtu yeyote. Agosti 2023 Rais Museveni naye akarudisha wimbo ule ule wa nguo za wazungu waliokufa. Hawajafa mzee, wako hai, wanavaa mara tano wanatupa, na kiwanda kinachowauzia wao kesho kitakuuzia wewe moja kwa moja bila kupita mwilini mwao. Ukizuia belo bila kuwa na mtu wako wa kukata na kushona hujazuia kitu, umebadilisha msambazaji.

La pili ni pamba. Shinyanga, Simiyu, Mwanza wanalima, sehemu kubwa inachambuliwa mbegu na kuondoka nchini ikiwa pamba ghafi, alafu tunanunua suruali yenye plastiki ndani inayounguza mapaja mwezi wa pili. Watu wanaokusanyika kutafuta vazi la taifa, huku kwetu mchakato umekuja na kuondoka zaidi ya mara moja na Kenya walijaribu 2004 ukafa kimya kimya, huwa wanaanza na mchoro: rangi gani, kola gani, shanga ziende wapi. Wanaanzia mwisho. Kanga haikuwa vazi la pwani kwasababu kamati ilichora, ilikuwa vazi kwasababu kulikuwa na soko lenye wanawake wakali wanaojua wanachotaka na mfanyabiashara anayefilisika asipowasikiliza. Nyie tengenezeni hilo kwanza, kola itajitafuta yenyewe. Na wala kiwanda peke yake hakitoshi, Urafiki ilikuwepo, Mwatex ilikuwepo, lakini anayepanga rolu la kitambaa ofisini bila kusikia muuza duka anasema nini hana tofauti kubwa na yule wa Guangzhou, labda umbali tu.

La tatu, na hili ndo linaniuma zaidi, ni fundi. Kwenye hizo zama zote nne fundi ndo alikuwa sehemu pekee ambapo nguo inageuka kuwa yako, kapunguza la Mmarekani, kapanua la kiwandani, kashona la kwako kabisa. Leo suruali mpya inauzwa bei inayokaribiana na gharama ya kushonesha, na kitambaa hujanunua bado, kwa hiyo fundi kabaki na sare za harusi, sare za shule na zipu zilizoharibika. Vijana wengi wanaojifunza wanajifunza kurekebisha, kukata hawajui. Siku kontena likileta kitu ambacho hatukitaki kabisa hatutakuwa na pa kukimbilia.

Juzi mtoto wa dada yangu, ana miaka kumi na saba, alikuta ile jinzi yangu ya 2010 chini ya sanduku. Akaishika, akasema anko kitambaa hiki sijawahi kukiona, kizito, nipanulie niivae. Tukaenda wote Mwananyamala, fundi ni yule yule, mvi zimeshaanza kumtoka na miwani juu. Akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono, akacheka, akasema mjomba hapa hakuna kitu, tulikata kote, labda tuchanue kuanzia gotini tutie pembetatu kama marehemu baba alivyokuwa anafanya. Akavuta mfuko wa vipande vilivyobaki kwenye kazi za watu, akatoa cha jinzi nyingine isiyofanana rangi, akatoa na cha kitenge chenye njano. Akaniuliza niweke kipi. Nikamwambia usiniulize mimi, muulize mvaaji huyo hapo.